Mzigo Hula Njiani

Kijana aliyenipakia pale stendi ya Nzega alfajiri ile alisimamisha pikipiki katikati ya safari, akashuka bila neno, akailaza ubavu. Nilidhani imeharibika. Akaiinua, akafungua kifuniko cha tangi, akapulizia kwa mdomo kama anayechochea jiko la kuni, akatega sikio. Akailaza tena upande wa kushoto, akaiacha pale kitambo ili petroli iliyojibanza upande wa pili wa tangi ivuke, ije kwenye kabureta. Kisha akapiga kiki mara tatu.

"Panda, mwalimu. Hiyo inatufikisha."

Ikatufikisha. Wakati natafuta chenji mfukoni nikamuuliza kwa nini hajazi tangi akaachana na kubeba chuma asubuhi yote hii. Akanitazama kwa heshima, ila kwa jicho la mtu anayemhurumia mwalimu wake. "Kujaza wanajaza wenye malori, mwalimu. Sisi tunaweka ya buku mbili, tunaikimbiza, ikiisha tunarudi tunaweka ya buku mbili."

Kauli hiyo haijanitoka. Sisi tunaosoma taarifa tunasema bei ya mafuta imepanda. Yule kijana haijawahi kumpandia. Buku mbili yake ya 2022 ndiyo buku mbili yake ya leo. Kinachosogea ni mahali pikipiki inapozimika. Aprili 2022 bei kikomo ya petroli kwa Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,861 kwa lita. Agosti mwaka huohuo ilifika 3,410. Chukua pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita, na tujidanganye kidogo kwamba Nzega mafuta yanauzwa kwa bei ya Dar. Mwezi Aprili buku mbili, yaani shilingi elfu mbili, ilimpeleka kilomita 28. Agosti ilimwishia kwenye 23 na nusu. Zimepotea kilomita nne na nusu, na hakuna aliyeziiba.

Kilomita nne na nusu huku kwetu si jambo dogo. Ndiyo njia ya mama mjamzito kutoka kitongojini hadi zahanati, au ya gunia la mpunga kutoka shambani hadi kwenye mashine ya kukoboa. Kijana akiona namba ya mteja wa upande ule anaiacha simu iite. Hana roho mbaya. Hesabu ya tajiri, ile fedha anayotakiwa kumkabidhi mwenye pikipiki kila jioni, haijui habari za vita ya Urusi na Ukraine, na ikikosekana siku tatu mfululizo pikipiki anapewa mwingine.

Kuna mwezi huku unaoandama bila kuonekana angani. Ni Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa 6:01 usiku, zinapoanza kutumika bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Wenye vijiwe wanaingojea kama wazee wanavyongojea mwezi wa Ramadhani: yupo anayedai ameshapata fununu, yupo anayebisha, yupo anayebonyeza *152*00# na kuwasomea wenzake kwa sauti. Ikisemekana inapanda, Jumanne jioni foleni huwa ndefu kwenye sheli. Ikisemekana inashuka, ghafla baadhi ya vituo vinakuwa "vimeishiwa" mpaka asubuhi, na kila mtu anajua maana yake ila hakuna wa kumshika mkono mwenye kituo.

Mimi hulipenda jedwali lenyewe la bei hizo. Nalisoma kama wengine wanavyosoma msimamo wa ligi. Kila mji una mstari wake na bei yake: Tabora, Igunga, Urambo, Sikonge, Nzega. Dar es Salaam, yalipo maghala na meli, iko chini. Kadiri unavyoipa bahari kisogo namba zinaongezeka, mpaka huko Kyerwa zinapokaribia kugusa dari. Ukilisoma taratibu utagundua kwamba jedwali lile ni ramani. Linaonyesha nani anakaa karibu na bandari na nani anakaa mbali, kisha linamtoza wa mbali.

Kutoka Dar mpaka Nzega ni kama kilomita 900. Lori la mafuta linapita Morogoro, Dodoma na Singida, linateremka mlima Sekenke kwa gia kubwa na breki zinazonuka, linaikata mbuga ya Wembere, linapita Igunga, ndipo linafika kwetu. Mengine hayasimami hata kununua maji. Yanashika njia ya Tinde, Isaka na Kahama, yakienda Rusumo au Kabanga kuzilisha Rwanda na Burundi. Na safari yote hiyo lori linakunywa dizeli ili kubeba petroli. Tunanunua mafuta yaliyobebwa kwa mafuta. Bei ya dunia ikipanda tunapigwa mara mbili, mara moja kwa kilichomo ndani ya tangi na mara ya pili kwa kilicholivuta tangi lenyewe.

Babu zetu waliijua kanuni hiyo kabla gurudumu la kwanza halijapita huku, kwa sababu wao ndio waliokuwa malori. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani frasila mbili, kilo thelathini na ushei, za pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, na kurudi na vitambaa na shanga. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba. Miezi yote hiyo watu walikula, na chakula hicho kiliitwa posho. Msafara usio na posho haukusogea hata hatua moja. Wapagazi walitua mizigo chini, wakakaa, wakamtazama mwenye mali. Kwa hiyo gharama ya pembe moja kufika baharini ilikuwa, kwa sehemu kubwa, gharama ya unga na mtama uliopita matumboni mwa watu njiani. Mzigo hula njiani. Zamani ulikula mtama, sasa unakula dizeli.

Palikuwa na hongo pia. Leo neno hilo linanuka rushwa, lakini enzi za misafara lilikuwa jina la ushuru ambao mtemi aliutoza msafara uliokanyaga nchi yake, na watemi wa Ugogo walisifika kwa kuudai bila aibu. Wafanyabiashara walilalamika sana, kisha wakalipa, kisha wakaiongeza kwenye bei ya mali. Siwezi kuisikiliza hotuba ya bajeti bila kuwakumbuka. Ndani ya lita moja ya petroli mna tozo ya barabara, mna ya maji, mna ya umeme vijijini, na tangu Julai 2023 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Sitaki kuwa mnafiki. Lami ninayopita kwenda Tabora inahitaji kuzibwa mashimo, na kuna shule za vijijini zinazowasha taa leo kwa sababu wenye pikipiki walilipia nguzo bila kujua. Tofauti yetu na mtemi ni ndogo tu: yeye alimtoza tajiri aliyekuwa akipita, sisi tunamtoza na yule mwenye ya buku mbili.

Na njia ikifungwa je? Mwaka 1871 mtemi Mirambo aligombana na Waarabu wa Tabora, barabara ya kwenda Ujiji ikakatika, hata Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone ikabidi azunguke kusini. Vita ya watu wachache ndani ya misitu ya Unyamwezi iliwatikisa wanunuzi wa pembe waliokuwa mbali kabisa, ambao hawakujua hata Mirambo ni nani. Miaka 151 baadaye mambo yakageuka. Februari 2022 vita ikaanza Ukraine, Machi pipa la mafuta ghafi likavuka dola 120, na Mei petroli ya Dar ikafika 3,148. Safari hii wasiojua ugomvi ulianzaje walikuwa sisi. Kuanzia Juni serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, na hata hivyo ndiyo tukaiona ile Agosti ya 3,410.

Nilikuwa mtoto wa shule mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwa hiyo hofu ya mafuta si ngeni kwangu. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha, Mwalimu Nyerere alikuwa ametuomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na miezi ile ikawa miaka. Magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Nyumbani hilo halikutugusa, gari lenyewe tulikuwa tukiliona la paroko tu. Lililotugusa ni mafuta ya taa. Mama alinituma na chupa iliyofungwa gunzi la hindi, nikapanga foleni dukani tangu asubuhi, na zamu yangu ilipokaribia pipa likawa limekauka. Usiku ule tulikula gizani. Nakumbuka baba akisema kwamba ugali haupotei njia ya mdomo, tukacheka, lakini daftari langu la hesabu lilibaki halijaguswa na kesho yake nilichapwa.

Nimeyataja mafuta ya taa kwa sababu yananipa mawazo ninayoyaogopa kidogo. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, maana wajanja walikuwa wakiyachanganya kwenye dizeli na kutuulia injini. (Neno lenyewe lilinoga hata likahamia kwenye siasa, watu wakaanza kuchakachua kura.) Bei ya mafuta ya taa ikapaa. Katika ile Agosti ya 2022 yalikuwa 3,765, ghali kuliko petroli. Mzigo huo uliangukia nyumba maskini kuliko zote, na sikuona haki yake wakati ule. Lakini leo nenda kijiji chochote cha Nzega usiku: koroboi limekuwa kitu cha kumwonyesha mgeni. Watu wamehamia kwenye vitaa vya sola vya bei ya kuku wawili, na watoto hawaamki tena na masizi puani. Bei ilifanya kazi ambayo hotuba zilishindwa. Je, niseme basi kwamba bei kubwa ya petroli nayo ni mwalimu mzuri?

Hapana. Koroboi liliachwa kwa sababu pembeni yake kilikuwapo kitu kingine ambacho mtu angeweza kukinunua. Mbadala wa yule kijana uko wapi? Gesi ya kuendeshea bajaji inauzwa Dar, haijavuka Wembere. Pikipiki za umeme tunaziona kwenye simu. Treni ya umeme ilianza 2024, Dar mpaka Dodoma, na reli hiyo inakusudiwa kupita Tabora na Isaka, jirani kabisa na hapa. Naisubiri kwa hamu, maana umeme wa bwawa hauna haja ya kuteremka Sekenke. Ila treni itamshusha abiria stesheni. Kutoka stesheni mpaka zahanati ya kitongojini bado ni pikipiki, na bado ni ya buku mbili.

Jikoni nako mambo yanarudi nyuma. Mtungi mdogo wa gesi nao unakuja kwa lori kwa njia ileile. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na nina majirani walioitikia kwa moyo. Mmoja wao, mama anayeuza vitumbua, ameuweka mtungi wake kwenye kona ya sebule na kuufunika kitambaa cha kufuma. Unapendeza. Kitumbua anakichoma kwa mkaa. "Gesi ni ya wageni, mwalimu," ananiambia, "ikiisha leo sijui lini." Mkaa wake unaletwa usiku na pikipiki iliyopakiwa magunia hadi dereva haonekani, kutoka kwenye miombo inayozidi kusogea mbali. Na kwa kuwa miti iko mbali na petroli ni ghali, mkaa nao umepanda. Msitu ukikimbia, mafuta yanaufuata.

Nauli ndiyo inayotufikia sote. Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilipandisha nauli ya mabasi ya kawaida kutoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa kila abiria kwa kila kilomita. Ukiambiwa shilingi saba unaweza kucheka. Zidisha kwa 900 za Dar, ni zaidi ya 6,400 kwenda tu. Kwa anayempeleka mgonjwa Tabora, hospitali ya Kitete, ni kama mia nane, mara mbili kwa kwenda na kurudi, mara mbili tena kwa kuwa mgonjwa hasafiri peke yake. Nimewaona watu wakifanya hesabu hiyo kwa vidole ukutani mwa stendi. Wengine wakimaliza kuhesabu wanamrudisha mgonjwa nyumbani.

Sasa njoo Sojo.

Sojo ni kijiji cha wilaya hii ya Nzega. Machi 2024 kilizinduliwa hapo kiwanda cha kuyavisha mabomba ya EACOP, bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, koti la kuzuia joto lisipotee. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda kama samli wakati wa kipupwe, hivyo lazima yasafiri yakiwa na nyuzi 50 za joto kwa kilomita 1,443, kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 kati ya hizo ziko ardhini mwa Tanzania, na njia yake inakatiza Nzega na Igunga. Mabomba, kila moja mita 18, yaliteremshwa bandarini Dar yakaletwa Sojo kwa malori. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alipata kibarua huko, akajenga vyumba viwili vya bati, na sitaki kusikia mtu akimdharau.

Lakini kijiweni swali lilikuwa moja: bomba likipita kwetu, mafuta yatashuka bei? Waliniuliza mimi kwa kuwa ni mwalimu, na mwalimu hudhaniwa anajua. Nikawajibu kwamba yatakayopita ni ghafi, hayaingii kwenye pikipiki. Yatafika Tanga, yatapakiwa melini, yatauzwa kwa wenye mitambo ya kusafishia. Sisi tulikuwa na mtambo wetu, TIPER, pale Kigamboni tangu miaka ya sitini. Uliacha kusafisha mafuta zamani, wengi wa wale vijana hawajazaliwa. Kwa hiyo mafuta yatapita chini ya miguu yetu yakiwa ya moto, yatakwenda ng'ambo, na petroli tutaendelea kuinunua kutoka ng'ambo hiyohiyo, ipande lori Dar, iteremke Sekenke, itufikie kwa bei ya jedwali.

"Kwa hiyo sisi ni njia," akasema mmoja.

Sikuwa na la kumpinga. Nzega imekuwa njia tangu enzi za pembe za ndovu. Dhahabu ya Lusu nayo ilichimbwa hapa tangu 1998, mgodi ukafungwa miaka kama 15 baadaye, na kilichobaki ni shimo lenye maji na mazungumzo. Bomba litaingiza kodi, na Tanzania ina hisa asilimia 15 kupitia shirika lake la mafuta, TPDC. Hayo ni ya kweli na yana faida zake. Ila kuna watu wanaowaza kwamba kupitiwa na mali ni sawa na kuwa nayo. Muulize mpagazi. Alibeba pembe maisha yake yote.

Yaliyo mbele yetu nayaona hivi. Mafuta yatapanda, yatashuka, yatapanda tena, na hatutashirikishwa. Tunachoweza kuamua ni umbali. Zahanati ikiwa na dawa, mgonjwa hana haja ya kwenda Kitete. Mpunga ukikobolewa kijijini kwa umeme, haupandi pikipiki mara mbili. Kila huduma inayosogezwa karibu ni lita ambayo haikununuliwa, na hiyo ndiyo ruzuku pekee ambayo vita ya mtu mwingine haiwezi kuifuta. Ningependa halmashauri yetu ipime bajeti yake hivyo, kwa kilomita: mwaka huu tumewapunguzia wananchi kutembea kiasi gani? Nimelisema hili kwenye mkutano wa kijiji. Lilipigiwa makofi, likaandikwa kwenye muhtasari.

Nawe msomaji, kama ni msafiri wa kwenda Mwanza au Kigali na basi likakushusha Nzega usiku, kijana atakuja mbio, "karibu bosi, karibu mama." Atataja bei, na utataka umpunguze mia tano. Kabla hujaanza kubishana, tazama kwanza pikipiki yake imesimama au ameilaza.